Tanuri la Mwisho la Bakari

Zamani hizo, Waingereza wakiwa bado ndio wenye nchi, mtu wa Temeke akitaka kujua bei ya mkaa hakuwa na haja ya kuuliza. Alipita tu mbele ya nyumba aliyopanga Mwajabu binti Sefu, akamtazama alivyokaa. Akimkuta amenyoosha miguu barazani, mgongo ukutani, anatafuna karanga, alijua mkaa ni mwingi na bei iko chini. Akimkuta amekaa wima juu ya kigoda na debe lake kalikumbatia, bei imeanza kupanda. Na akimkuta amesimama mlangoni mikono kiunoni, mteja mwenye akili alirudi zake nyumbani kuokota kuni.

Mkaa una majira yake. Kiangazi, njia zikiwa kavu, kila mwenye shoka na baiskeli anajifanya mchoma mkaa, na gunia linashuka mpaka shilingi moja na nusu. Masika yakiingia, magogo yanalowa, matanuri yanazimika kabla ya kuiva, malori yanakwama kwenye tope la Yombo, na gunia linaanza kupanda: mbili, mbili na nusu, tatu. Mwezi wa mfungo ukiangukia humo humo ndio usiseme, maana kila nyumba inapika futari na daku. Baadaye Idd inapita, jua linatoka, na bei inaporomoka. Watu walilalamika kila mwaka kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe. Mwajabu hakulalamika. Alinunua wakati wengine wamelala, akauza wakati wengine wanalia, na debe lake alilipanga kwa ufundi: mapande makubwa chini, yamelazwa yakipishana, ili debe lijae upepo. Wateja walijua, naye alijua kwamba wanajua.

Mumewe Bakari alikuwa upande wa pili wa biashara hiyo, upande wa moshi. Alichoma mkaa Segerea, na Segerea ya siku hizo ilikuwa pori tupu, hata jela yake bado haijaota kichwani mwa mtu. Alichoma pamoja na Gaspar, Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, aliyeshuka Dar es Salaam kwa treni kuja kubeba mizigo bandarini, na mizigo ilipomchosha akaingia porini. Bakari alikuwa Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo watu hao wawili walitukanana kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na hawakuwahi kugombana hata mara moja.

Bakari alikufa kiangazi kikiwa ukingoni. Tanuri kubwa lilikuwa siku zake za mwisho za kuiva, mkaa wa kutosha magunia thelathini na kitu, ukapasuka mwanya juu na moshi ukaanza kutoka mweusi. Kila mchoma mkaa anajua kwamba mwanya usipozibwa mali yote inakuwa majivu. Bakari akapanda na koleo lake la udongo, kama alivyopanda mara nyingi, na safari hii tanuri likabomoka chini ya miguu yake akazama mpaka kiunoni. Gaspar alimvuta kwa mikono mitupu. Wakulima waliokuja mbio wakaziba tundu kwa udongo, moto usije ukaingia msituni, na lori lililokuwa likipita likampeleka mgonjwa hospitali. Alifariki kesho yake alfajiri.

Siku ya kuanua tanga ua wa nyumba ya Temeke ulijaa watu. Mwajabu alikuwa ndani kwa wanawake, amefunikwa shuka nyeupe, anatazama ukuta. Walimsifu kwamba ana subira. Haikuwa subira. Tangu alipopewa habari, kifua chake kilikuwa kimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na alichokuwa akingoja ni yale maumivu ya damu inaporudi. Hayakuja. Alisikia watu wakisoma, akasikia sufuria zikigongana, akasikia nzi, na vyote aliviona sawa.

Halafu Gaspar akaingia uani. Msiba wa Mzaramo usio na mtani hupooza kama mchuzi usio na chumvi. Wapo watani waliowahi kulala kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe chochote. Kazi yao ni kuwatukana wafiwa mpaka wacheke, na kitu atakachokishika mtani msibani ni chake mpaka kikombolewe. Bei ya kukomboa ni ile atakayoitamka siku hiyo. Haipandi wala haishuki. Na mtani akishateka hadai. Akiufuata mlango wa mtu kudai, utani umekufa, na kilichobaki ni wizi.

Gaspar alikuwa amefungwa bandeji mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Alisimama katikati ya ua na koti lake moja.

"Nyie Wazaramo ni watu wa ajabu," alisema. "Duniani kote watu huchoma mkaa. Huyu wenu mkaa ndio umemchoma yeye."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na ua mzima ukamfuata.

"Na uvivu wake wote, hata kutoka shimoni kangoja avutwe," Gaspar aliendelea. "Haya, sikilizeni. Lile tanuri la Segerea nimeliteka. Mkaa wote wangu. Anayeutaka aukomboe kwa shilingi moja, na shilingi hiyo itoke mkononi mwa mjane mwenyewe. Nyie wengine nawajua, mtanipa ya bati."

Jamali, kaka yake Bakari, ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba. Alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini, mtu wa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Aliangua kicheko.

"Chukua, mpagazi we. Nani atapikia mkaa uliomla mtu? Kaule."

Wote wakacheka tena, maana kweli, siku ile, hakukuwa na aliyetamani hata kipande cha mkaa huo. Lakini kule ndani Mauwa, dada mdogo wa marehemu, aliinama sikioni kwa Mwajabu.

"Wifi, tukomboe?"

Kwenye pindo la kanga ya Mwajabu kulikuwa na shilingi tatu. Alikuwa na kazi ya kufungua fundo tu. Tena yeye, kuliko kiumbe yeyote aliyekuwa pale, alijua kwamba mawingu yanajikusanya, kwamba mfungo mwaka ule utaangukia mwishoni mwa masika, na kwamba gunia litakwenda mahali ambapo halijawahi kufika. Alijua yote hayo kama anavyojua jina lake. Kujua hakukumsaidia. Aliendelea kutazama ukuta, na Gaspar akaenda zake.

Basi akakaa eda, miezi minne na siku kumi kama sheria inavyotaka, chumba cha ndani, pazia limeshushwa, hana manukato wala wanja. Mauwa alihamia kwake, akafungua biashara barazani kwa magunia machache yaliyokuwa yamebaki nyumbani. Ukuta ulikuwa wa udongo, mwembamba, na Mwajabu alisikia kila neno.

"Debe bei gani?" mteja aliuliza, mvua ya kwanza ikiwa inapiga makuti.

"Senti arobaini," Mauwa alijibu.

"Mvua hii, na bei ile ile? Mungu akuzidishie, mwanangu. Nipimie mawili."

Zamani Mwajabu angetokea ukutani. Angeuliza ni nani aliyemruhusu Mauwa kuuza mkaa wa masika kwa bei ya kiangazi, tena debe limeshindiliwa mpaka linalia. Siku ile alijigeuza kwenye mkeka, akalala ubavu wa pili. Alisikia debe la kwanza likimiminwa, akasikia la pili. Mauwa alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake ulikuwa ukimaliza mtaji.

Magunia yakaisha. Mauwa akanunua mengine kwenye lori kwa mbili na nusu, akauza kwa mbili na nusu, akashangaa faida imekwenda wapi. Akanunua tena kwa tatu, machache zaidi. Mwezi wa pili wa eda haujaisha, debe lilikuwa limefudikizwa barazani na kuku analala juu yake.

"Wifi, nisamehe," Mauwa alisema usiku huo, ameketi mlangoni. "Mie sijui nimekosea wapi."

"Hujakosea."

"Lakini hela imekwisha."

"Najua," Mwajabu alisema, na akamwuliza kama amefunga mlango wa uani.

Nje, bei ilipanda kama mtu anayekimbizwa. Majirani waliokuja kumsabahi mjane walishindwa kuzungumza lingine. Gunia tatu na nusu. Gunia nne. Nyumba zenye watoto wengi zikapikia vifuu na makumbi, macho yanawatoka machozi kwa moshi. Kariakoo, walisema, kuna watu waliopigania gunia mpaka likapasuka wakaokota vipande barabarani. Mfungo ulipoingia gunia likagonga shilingi tano, na wanawake walipolitaja hilo chumbani waliteremsha sauti kama wanataja ugonjwa. Walikuwa wakimtazama Mwajabu, wakingoja aseme kitu, kwa sababu bei ya mkaa bila neno la Mwajabu ilikuwa kama adhana bila swala. Yeye aliwaambia wanywe chai.

Katikati ya mfungo Jamali alikuja na kikapu cha magimbi na tende. Kwa kuwa mjane wa eda hakai uso kwa uso na shemeji yake, aliketi upande wa pili wa pazia.

"Shikamoo, shemeji," Mwajabu alisema.

"Marahaba. Nimekuletea futari." Akakohoa kidogo. "Juzi nilikwenda Segerea kwa yule Mnyamwezi. Nilisema hebu tukomboe ule mkaa. Kwa bei hii ya sasa, nani anauliza umemla nani?"

Mwajabu alikivuta kikapu chini ya pazia.

"Nikampa shilingi yake. Akaitazama, akaniambia eti shilingi yangu ina masharubu, yeye anataka ya mjane. Akanicheka pale mbele ya watu. Hata mkaa wenyewe sikuuona, pale kwenye tanuri pametandazwa udongo tu. Atakuwa ameshauuza wote, shemeji. Mali ya shilingi tano, nani aiache ikae? Kufa kufaana."

"Haya."

"Na biashara yenyewe hii haina maisha. Pale ofisini nimesikia wazungu wanapima makaa ya mawe huko kusini, milima mizima. Yakishafika hapa mjini kwa meli, mkaa wa miti utauza kwa nani? Mie ninakwambia kwa heri tu." Akashusha sauti. "Kodi ya vyumba hivi nimekulipia mpaka eda iishe. Zaidi ya hapo mie sina, shemeji. Lakini sikutupi. Ijumaa ya kwanza ukishatoka nitakuja na shehe. Mke wangu Mama Rukia nimeshamwambia, amekubali. Utakuja Keko, utakaa na sie."

Jamali hakuwa mtu mbaya, na haya yasichukuliwe hivyo. Kaka kumwoa mjane wa nduguye lilikuwa jambo la heshima, na wapo wajane wengi waliolala njaa kwa kukosa shemeji kama huyo. Lakini Mwajabu alikuwa akiijua nyumba ya Keko. Kule angekuwa mke mdogo wa kupika kwa zamu, na asingeuza hata kiberiti, kwa kuwa Jamali aliona ni aibu mke wa mtu wa serikali kuonekana na masizi mikononi. Maisha yake yote ya barazani yalikuwa yakiombwa pale, kupitia kwenye pazia, kwa upole. Kama angekuwa na mtaji angebaki Temeke. Hakuwa na mtaji.

Alijitafuta ndani aone kama anakataa. Hakukuta anayekataa wala anayekubali.

"Sawa, shemeji," alisema.

Jamali alishukuru, akaaga. Mauwa aliyekuwa jikoni amesikia yote aliingia akamtazama wifi yake muda mrefu. Alitaka kusema neno, akaona heri agawe futari.

Idd ikaja ikapita. Jua likatoka, tope la Yombo likakauka likawa vumbi, na malori yakaingia mji mzima yamejaa mkaa mbichi wa watu waliokuwa wakingoja mvua ikatike. Ndani ya majuma mawili gunia lilitoka tano likashuka tatu, likashuka mbili, na eda ya Mwajabu ilipoisha lilikuwa limerudi shilingi moja na nusu, pale pale lilipokuwa siku Bakari anakufa. Wimbi zima lilipanda na kushuka yeye amelala mkekani. Wanawake walimkogesha, wakamvisha kanga mpya, wakamtoa nje. Mwanga ulimuumiza macho. Hilo alilisikia.

Zilikuwa zimebaki siku tatu ifike Ijumaa. Mwajabu akamwambia Mauwa kwamba kabla ya kwenda Keko kuna mtu hajampa asante. Gaspar ndiye aliyemtoa Bakari motoni kwa mikono yake, na tangu siku ile hawajaonana kwa ajili ya eda. Si uungwana mtu kuungua kwa ajili ya mumeo halafu usimwambie hata pole. Habari ya mkaa hakuitaja, maana alikuwa ameshaihesabu imekwisha. Wakaondoka asubuhi, wakapita Yombo, wakapita Kipawa, Mwajabu akitembea kwa shida kwa miguu iliyosahau njia, na jua lilipopanda walikuwa Segerea.

Kibanda cha Gaspar walikifahamu kwa maelezo ya watu, lakini walipokifikia walisimama. Upande mmoja wa paa ulikuwa na makuti. Upande wa pili ulikuwa fito tupu, na kitanda cha kamba chini yake kimefunikwa gunia. Kuta za upande ule zilikuwa zimeliwa na mvua mpaka miti ya ndani inaonekana. Mauwa alinong'ona kwamba labda ameshahama.

Hakuwa amehama. Alitokea nyuma, amekonda, mashavu yameingia ndani. Bandeji zilikuwa zimetoka. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vimegandana, na wa kulia ulikuwa ukifunguka nusu tu.

"Mzaramo umefufuka," alisema. "Nilidhani mnakaa eda mpaka kiama."

"Pole na mikono, Gaspar," Mwajabu alisema. "Nimekuja kukuambia hilo. Pole, na asante."

Gaspar alitazama pembeni, akajikuna shingo kwa kifundo cha mkono. Halafu akanyoosha ule mkono wa kulia, kiganja juu.

"Shilingi yangu," alisema.

Mwajabu hakuelewa. Mauwa ndiye aliyemgusa kiwiko, naye akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi moja ya simba, akamwekea kiganjani. Aliitoa kwa ajili ya desturi, kufunga jambo la msiba lililobaki wazi. Gaspar aliigeuza, akaing'ata, akaiweka mfukoni.

"Haya, kachukue mali yako," alisema, akawaongoza nyuma ya kibanda.

Kulikuwa na banda refu, ambalo wale wakulima walimsaidia kulijenga na kulijaza, limeinuliwa juu ya magogo, limeezekwa makuti mapya kwa ya zamani, tabaka juu ya tabaka, na chini yake magunia yamepangwa mpaka mwisho. Mwajabu alisogea. Alitia mkono gunia la kwanza, akatoa kipande, akakigonga kwa kucha. Kililia kama chuma. Mkaa mkavu, mzito, mapande marefu, haukuguswa na tone la maji. Ulikuwa mkaa mzuri kuliko wote aliowahi kuuona ukitoka mikononi mwa Bakari.

"Niliambiwa umeuza," alisema.

"Nani? Mie? Shemeji yako yule wa kaptula ndiye atakuwa amesema. Mali ya watu nitauzaje kabla haijakombolewa?"

"Jamali alikuja kukomboa."

"Na mie ningempa, wangekaa wakagawana mafungu ya mirathi, na wewe ungepewa robo. Nikateka ili mtu mmoja aniletee shilingi. Sasa mtu mwenyewe hakuja."

"Nilikuwa eda."

"Najua. Na mtani hadai. Nikangoja."

Mwajabu alisimama na kile kipande mkononi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Hawakuja watu wengine kuuliza? Mwezi wa mfungo?"

"Walikuja. Lori zima lilikuja hapa. Yule mtu alitaka kunipa nne, nikakataa, akafika tano. Akaniambia tano na thumuni, wote, fedha taslimu, anapakia sasa hivi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia una mwenyewe."

"Tano na thumuni," Mwajabu alisema.

"Ndiyo."

"Kwa gunia."

"Ndiyo."

Na hapo Mauwa aliona uso wa wifi yake ukigeuka. Kwanza masikio, halafu shingo.

"Gaspar, wewe una akili kweli?" Mwajabu alisema. "Tano na thumuni, na wewe umekaa juu yake kama kuku anaatamia? Wajua leo gunia bei gani? Moja na nusu! Ungemtuma mtoto. Ungemtuma mtu yeyote aje anong'one dirishani, Mwajabu, bei imefika. Ningeiba mguu mmoja nikautoa nje ya eda, Mungu angenisamehe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, hukufundishwa kwenu? Thelathini na kitu mara tano na thumuni, hesabu mwenyewe kama Wanyamwezi mnajua kuhesabu mizigo! Mtu anakuja na lori, na fedha, unamwambia una mwenyewe! Mwenyewe nani? Mwenyewe alikuwa amelala!"

Alikuwa amesimama mikono kiunoni. Ndege waliruka mtini. Gaspar alimsikiliza bila kujitetea, na kadiri matusi yalivyoongezeka ndivyo uso wake ulivyokunjuka, mpaka akawa anatabasamu waziwazi.

"Mie na bei wapi na wapi?" alisema alipopata nafasi. "Bei alikuwa akisema Bakari ni kazi yako. Mie niliambiwa mkaa usilowe."

"Usilowe!" Mwajabu alisema, akageuka kulionyesha banda kwa mkono, aseme neno jingine la kumkomesha. Macho yake yakapita juu ya makuti, tabaka juu ya tabaka, yakavuka mpaka kwenye kibanda, kwenye zile fito tupu na kile kitanda.

Hakulisema neno lile. Alitazama paa, akatazama banda, akatazama mikono ya Gaspar, ambayo isingeweza kushika shoka masika yote wala kiangazi kinachokuja. Kando ya mlango kulikuwa na maganda ya mihogo, maganda tu, lundo zima. Mtu huyu alikuwa amelowa na kushinda njaa hatua chache kutoka kwenye mali ya shilingi tano na thumuni.

Mwajabu akaketi juu ya gunia. Kilianza tumboni, kikapanda, na alipofungua mdomo apumue kikatoka. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kanga mpya imemwanguka begani, akimwita Bakari kwa jina, miezi minne yote kwa mkupuo, na kifua kilimuuma kama kinapasuliwa, akashukuru kwamba kinamuuma. Gaspar aligeuka akawapa mgongo. Mauwa alimkumbatia wifi yake, akasema lililomjia kwanza.

"Basi, wifi, usililie bei. Vuli itapanda tena."

Mwajabu alimwacha adhani hivyo. Tena kusema kweli, sehemu moja ya machozi yale ilikuwa ya bei hasa, maana tano na thumuni si jambo la kusamehe.

Alilia mpaka akaishiwa. Akajifuta kwa pindo la kanga, akapenga kamasi, akatia tena mkono gunia lililokuwa chini yake akapekua kuangalia chenga. Zilikuwa kidogo. Akayahesabu magunia kwa macho, akahesabu na miezi iliyobaki kufika vuli.

"Kumi tunauza sasa kwa debe, sio kwa gunia, na debe nalipanga mie," alimwambia Mauwa. "Hela ya kwanza kodi. Ya pili makuti, huyu mpagazi aezekewe nyumba yake kabla hajafa akaniachia utani mwingine. Mengine yote yanangoja mvua."

"Na kaka Jamali?" Mauwa aliuliza polepole. "Ijumaa atakuja na shehe."

Mwajabu aliinuka, akajikung'uta masizi kwenye kanga, yakazidi kuenea.

"Mwambie asimsumbue shehe," alisema. "Aje na mkokoteni."